Cherehani Mbili Kuukuu na Makosa Niliyoyalipia

Ndani ya miezi saba nilinunua cherehani mbili za zamani, zote Singer, zote nyeusi zenye michoro ya dhahabu, na katika hizo mbili ni moja tu iliyowahi kunishonea chochote. Hiyo moja nayo ilinigharimu zaidi ya bei ya cherehani mpya ya kukanyaga niliyokuwa nimeiulizia Kariakoo wakati huohuo, na sehemu kubwa ya fedha zilizozidi haikuliwa na muuzaji bali na pupa yangu mwenyewe. Ninawaandikia wale wanaozitamani mashine hizi, na wale waliorithi moja iliyofunikwa khanga kwenye kona ya chumba na hawajui waanzie wapi.

Mimi si fundi wa kazi. Nimeajiriwa ofisini Dar es Salaam, na ushonaji nilifundishwa na jirani yangu jioni baada ya kazi. Cherehani yangu ya kwanza ilikuwa ya umeme, ya mtumba, nyepesi kiasi cha kubebwa kwa mkono mmoja, na ilinishonea madera na foronya kwa mwaka mzima hadi siku nilipoipitisha juu ya pindo la suruali ya jinzi, ikalia mara moja kama mtu anayevunja karanga kisha ikanyamaza. Gia ya plastiki ya ndani ilikuwa imeng'oka meno. Fundi niliyempelekea aliifungua, akaifunga, akaniambia gia hiyo haipatikani, na kwamba kama nina nia ya kushona jinzi nitafute chuma.

Nikatafuta chuma. Dalali mmoja alinitumia picha ya Singer ya mkono, ile inayozungushwa kwa mpini, yenye sanduku lake la mbao na kufuli, na kwa kweli ilikuwa nzuri kuitazama. Nilipoifuata nilizungusha mpini, ukazunguka kwa ulaini wa ajabu, sindano ikapanda na kushuka, nikalipa shilingi 150,000 bila kufunua chochote. Nyumbani ndipo nilipotelezesha vile vibati viwili vya chini ya sindano nikakuta uwazi mtupu. Aina ile haitumii bobini ya duara tuliyoizoea. Hutumia kijiti kirefu chembamba kinachovalishwa uzi na kuingizwa ndani ya kichuma chenye umbo la risasi, na kichuma hicho ndicho kinachobembea mbele na nyuma kuunganisha uzi wa chini na wa juu. Yangu haikuwa na risasi wala kijiti. Ulaini ulionifurahisha ulikuwa wa mashine isiyo na kazi ya kufanya.

Nilizunguka maduka ya vipuri vya cherehani kwa Jumamosi tatu. Wauzaji vijana walikuwa hawajawahi kukiona kipuri hicho. Wazee walikitambua nilipowaelezea, wakatabasamu, wakasema walikuwa nacho zamani. Vijiti nilivipata vinne, vya urefu wa aina mbili, ila risasi sikuipata kamwe. Hapo nilijifunza jambo ambalo sasa ndilo la kwanza ninalomwambia kila anayeniuliza: kabla ya kuuliza bei ya cherehani kuukuu, uliza inatumia bobini gani, kisha nenda dukani uone kama bobini hiyo na kesi yake vinauzwa leo. Kuna aina moja ambayo haina shida hiyo kwetu, nayo ni ile ya jamii ya Singer 15, kwa sababu viwanda vya China viliinakili, na Butterfly za kukanyaga zilizojaa kwenye baraza za mafundi wetu ni watoto wake. Bobini, kesi na sindano za Butterfly hizo zinaingia humo, na zinauzwa hata kwenye maduka ya nyuzi ya mikoani.

Kwa elimu hiyo ya 150,000, mara ya pili nilikwenda Tanga. Kule Ngamiani familia moja ilikuwa ikiuza vitu vya marehemu baba yao, fundi wa suti, na miongoni mwavyo palikuwa na Singer ya kukanyaga. Safari hii nilibeba taa ndogo, uzi mweusi, uzi mweupe, kipande cha kitambaa kigumu na sindano mpya mbili. Namba iliyogongwa kwenye kibati cha upande wa kulia ilianza na herufi mbili, ya kwanza ikiwa E, dalili kwamba mashine ilitoka katika kiwanda cha Singer cha Clydebank, Uskoti, kile kilichofungwa mwaka 1980. Modeli yake ilikuwa ya jamii hiyo ya 15, yenye herufi K ya Kilbowie, mahali kiwanda kilipokuwa. Juu yake kulikuwa na nembo ya shaba yenye ukingo wa buluu iliyoandikwa 1851–1951, na kijana wa ile familia alinihakikishia kwamba kwa ajili ya nembo hiyo ni mashine adimu sana. Si adimu. Singer walizitengeneza kwa wingi mno katika kusherehekea miaka mia ya kampuni, na nembo haiongezi hata hatua moja ya mshono.

Sikuweza kuijaribu kwa uzi, kwa kuwa ilikuwa imekwama. Gurudumu lilikwenda robo ya mzunguko likagoma. Mtu mwingine angeondoka. Nilibaki kwa sababu nilikuwa nimesoma kwamba mashine za chuma zikikaa miaka mingi mara nyingi hukwama kwa mafuta yaliyoganda, hazijafa, na nilikuwa sahihi. Nilichokosea ni kutoijumuisha hali hiyo katika bei. Niliogopa kuonekana nawanyonya wafiwa, nikalipa 260,000 walizotaja, bei ya mashine inayofanya kazi. Meza nayo niliitazama juu tu, ambako ilikuwa inang'aa. Kama ningepitisha kidole upande wa chini, ningeugusa unga laini wa mbao uliokuwa ukimwagika kutoka kwenye matundu ya bungua, na nisingelazimika baadaye kumlipa seremala 45,000 abadilishe ubao.

Usafirishaji uliniumiza kwa namna nyingine. Kichwa kilibebwa kwenye buti la basi kikiwa bado kimefungwa mezani, kwa sababu sikujua kwamba kichwa cha cherehani hukaa juu ya pini mbili za bawaba na kwamba kila pini hubanwa na skrubu moja ndogo tu. Skrubu zikilegea, ukikiinua kichwa kukilaza nyuma hutoka chote na kukudondokea miguuni. Chetu hakikudondoka njiani, kilisubiri kifike sebuleni kwangu. Kilikosa vidole vyangu kwa upana wa kiganja, kikapasua kigae kimoja cha sakafu. Stendi ilifika salama kwa bahati tu, kwani miguu ile ni chuma cha kusubu ambacho hakipindi bali hupasuka, na fundi wa kawaida wa kuchomelea akikiunga, mshono wake huachia upesi. Ukisafirisha, toa mkanda, legeza skrubu, toa kichwa, kifunge katika blanketi peke yake, nacho kisafiri karibu nawe.

Sasa nije kwenye kosa linaloniuma hadi leo. Mashine ilikuwa na utando wa kahawia juu ya michoro yake, uchafu wa miaka mingi wa mafuta na moshi wa jikoni. Nilichukua pamba, nikailowesha spiriti ya kusafishia vidonda, nikaanza kusugua mkono wa mashine. Pamba ilitoka ya kahawia, nikafurahi. Ya pili ilitoka ya kahawia iliyokolea zaidi. Ya tatu ilitoka na rangi ya dhahabu. Nilipoitazama mashine, herufi S na I zilikuwa zimebaki kivuli, na pale niliposugua weusi ulikuwa umepauka kama ngozi isiyopakwa mafuta. Utando ule wa kahawia haukuwa uchafu peke yake. Sehemu yake ilikuwa vanishi ya zamani iliyopakwa kiwandani kuilinda michoro, na spiriti huiyeyusha vanishi hiyo kama maji yayeyushavyo sukari. Kilichofaa ni kitambaa laini chenye mafuta ya cherehani, kikipitishwa taratibu, siku baada ya siku, na uchafu unaobaki uachwe ubaki.

Baada ya hapo nilikosa ujasiri, nikaita fundi wa karibu. Alinitoza 40,000, akaipulizia dawa ya makopo ya kulegeza kutu kila mahali, gurudumu likazunguka, akaondoka. Siku nne baadaye likawa zito tena. Dawa ile hulegeza, lakini hukauka, na haikai kati ya vyuma vinavyosuguana muda wa kutosha kuvilinda. Ndipo nilipoelekezwa kwa mzee mmoja anayetengeneza cherehani kwenye kibanda karibu na soko, mtu wa maneno machache, ambaye alikigeuza kichwa, akachovya kidole kwenye tundu moja la mafuta, akanusa.

"Mwanangu, hii nani kaitia mafuta ya kupikia?"

Nilimwambia si mimi, huenda ni mwenyewe wa zamani au watoto wake. Akasema haijalishi, wote hufanya hivyo wakiishiwa, na mafuta ya alizeti au ya nazi huonekana kufaa kwa wiki mbili kisha huwa gundi. Kazi yake ilichukua siku tatu, na alinitoza 35,000. Alidondoshea mafuta ya taa katika kila tundu na kila kiungo, akaiacha ilale, asubuhi akalisogeza gurudumu mbele na nyuma kidogo kidogo bila kulilazimisha, akafuta ujiuji mweusi uliotoka, akarudia. Siku ya pili alifungua pete inayoishikilia ile sehemu ya chini inayobeba kesi ya bobini, akachomoa kwa kibanio kipande cha uzi wa buluu kilichokuwa kimejiviringisha humo na kubanwa hadi kikawa kigumu kama mfupa wa dagaa. Nacho kilichangia kuligomesha gurudumu kwenye robo ya mzunguko. Mwisho, na hapa alinisisitizia, alirudi kwenye kila tundu alilotia mafuta ya taa akatia mafuta halisi ya cherehani, yale meupe yasiyo na harufu kali, tone moja moja. Mafuta ya taa husafisha tu, na mashine ikiachwa nayo peke yake vyuma vitasagana vikiwa vikavu.

Nilimwomba anibadilishie na skrubu mbili zilizoliwa vichwa, akakataa. Skrubu za Singer zina hesi zake zenyewe, akasema. Ile ya dukani itaanza kuingia, utaikaza kwa nguvu, nayo itaharibu njia ndani ya mwili wa mashine, na mwili hauuzwi. Alizichonga upya mfuo kwa msumeno mwembamba, akanipa ushauri wa kutumia bisibisi inayojaza mfuo wote badala ya kisu cha mezani. Nakiri nilikuwa nakitumia.

Mashine ilipokuwa nyepesi nilidhani shida zimekwisha, na wiki iliyofuata niliipoteza kwa makosa ambayo hayakuhitaji fundi hata mmoja. La kwanza ni sindano. Nilikuwa nimezoea cherehani ya umeme ambayo uzi wake huingia kutoka mbele kwenda nyuma, hivyo kwenye Singer hii nikatunga kutoka kushoto kwenda kulia, kwa kuwa mkono ulielekea huko wenyewe. Ilikata uzi kila baada ya mishono mitano. Nilibadili uzi, nikabadili sindano, nikakaza, nikalegeza, nikalala nikiwa na hasira. Sindano ina upande mmoja bapa juu na mfereji mrefu upande ulio kinyume, na uzi sharti uingie kutoka upande wa mfereji. Katika jamii hii ya 15 upande bapa hutazama kushoto, kwa hiyo uzi hutoka kulia kwenda kushoto. Nilipogeuza, ilishona kana kwamba haikuwahi kuwa na tatizo.

La pili lilikuwa kwenye visahani viwili vinavyobana uzi wa juu. Nilikuwa nikikaza nati yake huku mguu wa kukandamizia kitambaa ukiwa juu, nikishangaa kwa nini sioni badiliko. Mguu ukiwa juu visahani huachiana, uzi hupita huru, na utakaza hadi kesho bila kuona lolote. Shusha mguu kwanza. Ukitaka kujua ni uzi upi unaomvuta mwenzake, weka mweusi juu na mweupe chini, ushone mstari, ugeuze kitambaa: vitone vyeusi vikionekana kwa chini, wa juu umelegea. Na kabla ya kugusa ile skrubu ndogo ya kwenye kesi ya bobini, pitisha kona ya karatasi ngumu chini ya springi yake, kwa sababu mara nyingi ni vumbi la uzi lililojificha humo na springi haina kosa. Kesi yenyewe ukiinunua mpya, nenda na ile ya zamani mkononi ulinganishe kile kidole chake kinachochomoza, maana kinatofautiana mahali kinapokaa. Mimi nilinunua mbili, moja haikuingia hadi leo.

La tatu lilinitoa jasho na aibu. Nilitaka kujaza bobini bila sindano kucheza, nikalegeza ile nati kubwa ya duara iliyo katikati ya gurudumu, na kwa udadisi nikaichomoa yote ili nisafishe ndani. Humo mna washa ya chuma yenye vijino vilivyopinda. Niliposafisha na kurudisha kila kitu, gurudumu likawa halishiki; nakanyaga, gurudumu linazunguka, sindano imesimama. Nikajua nimeua mashine. Nilikibeba kichwa kwenye bajaji, nikalipa nauli 8,000 kwenda na kurudi, hadi kwa yule mzee. Akatoa nati, akaizungusha washa nusu duara, akairudisha, akakaza, akazungusha gurudumu, sindano ikashuka. Haikufika dakika mbili. Nilipofungua pochi aliusukuma mkono wangu. "Ukitoa kitu, piga picha kwanza. Simu si unayo?"

Simu hiyohiyo ndiyo iliyoniletea kituko kilichofuata. Niliituma picha ya mashine kwa jamaa zangu, nao wakaituma kwa wengine, na ndani ya wiki nikapigiwa na mtu asiyejitambulisha vizuri aliyekuwa tayari kuinunua kwa mamilioni, ila kwanza nimtumie fedha kidogo za "vipimo", na niisogeze simu karibu na sindano nione kama mawasiliano yatakatika. Uvumi huu ni ule wa mekyuri nyekundu, yaani zebaki nyekundu, inayodaiwa kufichwa ndani ya Singer za zamani. Mwaka 2009 uliwahi kuzagaa Saudi Arabia hadi watu wakawa wananunuliana cherehani kwa maelfu ya riyali, wakizipima kwa simu vivyo hivyo. Ndani ya Singer mna chuma, mafuta na nyuzi za watu waliokutangulia. Sikutuma senti, lakini namjua mtu aliyeibomoa mashine nzima ya mama yake kwa nyundo akiitafuta hiyo zebaki.

Kuhusu utunzaji sina mengi. Nikishona kutwa nzima ninaitia mafuta siku hiyohiyo, tone moja kila tundu, kisha ninashona mistari kadhaa kwenye kitambaa kibovu ili yanayozidi yaishie huko na yasiishie kwenye nguo ya mtu. Ninafungua bati la chini ya sindano kila mwisho wa mwezi na kuyapiga brashi ya mswaki yale meno yanayosukuma kitambaa, kwa kuwa khanga mpya zinatoa vumbi kuliko nilivyodhani. Mkanda wa ngozi wa 7,000 ulitanuka baada ya wiki tatu ukaanza kuteleza. Haukuhitaji kubadilishwa, ulihitaji kukatwa kama upana wa ukucha na kufungwa upya kwa kile kipini chake cha waya. Usiukaze kama uzi wa gitaa, utakuchosha miguu. Na ukianza kukanyaga, lisukume gurudumu kwa mkono kuja upande wako, maana likianza kwenda kinyume uzi utakatika au kujikunja chini kabla hujajua.

Nilipopiga hesabu, bei ya mashine ya pili, basi, bajaji, mafundi wawili, seremala, mkanda, bobini, kesi, sindano na mafuta vilifika 444,000. Kariakoo walikuwa wameniambia 380,000 kwa mpya yenye stendi. Sitasema kwamba ya zamani imeirudisha tofauti hiyo, kwa sababu sijui mpya ingekuwaje. Ninachoweza kusema ni kwamba inapita juu ya pindo la jinzi lenye mikunjo minne bila kubadili sauti.

Ile ya mkono isiyo na risasi ilikaa juu ya kabati mwaka mzima. Mwezi uliopita mwenye mgahawa mmoja aliiona akaniuliza bei, tukaafikiana 90,000. Kabla hajatoa fedha nilitelezesha vile vibati viwili, nikamwonyesha uwazi wa chini, nikamweleza kinachokosekana na kwamba sijakipata popote. Aliinama akachungulia, akasema yeye anataka ya kuweka kaunta tu, kisha akauzungusha mpini mara mbili tatu. "Mbona laini hivi?" akaniuliza.